Bawa Moja Lililokatwa, Kalenda Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Ndege Wahamaji na Manyoya Yao

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa pwani ya Kenya. Majina ya watu, mtaa na kituo yameondolewa, na tarehe zimetajwa kwa miezi tu. Nakiandika kwa ajili ya wale wanaopokea ndege waliojeruhiwa: watunzaji, madaktari wa mifugo wanaoletewa ndege kliniki, na wafungaji pete, yaani wanaowavisha ndege pete zenye namba miguuni ili kuwafuatilia, ambao mara nyingi ndio huulizwa mwisho. Swali lililobishaniwa lilikuwa moja. Ndege mhamaji aliyekatwa manyoya ya bawa atapata mengine lini, na je, atayapata kabla wenzake hawajaondoka? Ndege wawili walioletwa siku moja, wenye jeraha la namna moja, walitoa majibu mawili.

Usuli

Mwanzoni mwa Desemba watoto wa mtaa walitega ulimbo kwenye vichaka vya kiwanja kisichojengwa. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, kumbikumbi walikuwa wengi, na ndege walikuwa wamejaa. Walinasa kadhaa, wawili wakabaki. Ili wasiruke, kijana mmoja mkubwa kidogo aliwakata kwa mkasi manyoya ya bawa la kulia, bawa moja tu, kama wafanyavyo watu wengi, kwa sababu ndege mwenye bawa moja fupi akijaribu kuruka huanguka upande. Jirani aliwaona akazungumza na wazazi, na jioni hiyo hiyo ndege wakafikishwa kwa mtunzaji mwenye kibali. Nchini Kenya kumweka ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kwa hiyo hatua hiyo ya kwanza ilikuwa sahihi. Watoto walipoulizwa walisema walitaka kuwasikia wakiimba.

Wa kwanza alikuwa mbwigu mgongo-mwekundu, Lanius collurio, mchanga wa mwaka ule ule: kahawia, mgongo una mistari midogo iliyopinda kama magamba, mdomo umechongoka kwa ncha ya ndoana. Wa pili alikuwa Luscinia luscinia, ambaye hapa nitamwita lusinia. Ni ndege wa kahawia iliyofifia, kifua kina mawingu mawingu, mkia una wekundu kidogo, na hupenda kukaa chini kabisa kwenye kichaka mnene. Wote wawili huzaliana Ulaya na magharibi mwa Asia. Wote husafiri usiku. Wote hupita mashariki mwa Kenya mwezi Novemba na Desemba wakielekea kusini zaidi, na hurudi kaskazini kuanzia mwisho wa Machi hadi Aprili. Anayetaka kuona wingi wa safari hii aende Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 wafungaji pete wamekuwa wakikusanyika usiku wa ukungu. Ndege wanaovutwa na taa za hoteli hushuka kwa maelfu, na lusinia ni miongoni mwa wanaofungwa pete kwa wingi.

Aina hizi mbili zinafanana kwa ratiba ya safari kiasi kwamba watafiti wamezifuatilia pamoja. Ukame ulipoikumba Pembe ya Afrika mwaka 2011, mbwigu na lusinia waliokuwa wamebebeshwa vifaa vidogo vya kurekodi mwanga walikaa huko muda mrefu kuliko kawaida wakitafuta chakula, na walichelewa kufika Skandinavia. Njia moja, kituo kimoja, ucheleweshaji mmoja. Hapo ndipo penye mtego, maana kufanana kwa safari kulimfanya mtunzaji aamini kwamba manyoya nayo yanafuata ratiba moja.

Manyoya yenyewe

Unyoya uliokomaa hauna uhai. Damu iliyoulisha ulipokuwa ukiota imekwisha kujiondoa, na uti umebaki mtupu. Ndiyo maana unyoya uliokatwa haufanani na ukucha: ukucha ukikatwa husogea mbele, lakini kisiki cha unyoya hubaki pale pale hadi mwili wenyewe utakapokisukuma nje wakati wa kubadili manyoya. Unyoya uking'olewa mzima, habari ni nyingine. Kile kifuko cha ngozi ulimokuwa umesimama huamka, na baada ya siku chache mrija mpya huanza kuchomoza. Tofauti hii kati ya kukatwa na kung'olewa ilitawala karibu maamuzi yote ya kisa hiki.

Kuzaa, kubadili manyoya na kusafiri ni kazi tatu nzito katika mwaka wa ndege mhamaji, na kwa kawaida hazifanywi kwa wakati mmoja. Kuotesha manyoya kunakula protini nyingi, na bawa lenye mapengo halifai kwa safari ndefu. Kila aina imetafuta nafasi yake. Lusinia mtu mzima hubadili manyoya yote huko huko kaskazini, Julai na Agosti, makinda wakishajitegemea, na hufanya hivyo kwa haraka ya wiki chache kwa sababu siku za kuondoka zinakaribia. Aliyezaliwa mwaka huo hubadili manyoya ya mwili na sehemu ya vifuniko vya bawa tu, yale manyoya madogo yanayofunika mashina ya manyoya ya kurukia. Manyoya ya kurukia aliyoota kiotani ndiyo anayokuja nayo Afrika, ndiyo anayorudi nayo Ulaya, na hayatabadilishwa mpaka kiangazi kinachofuata. Mbwigu amechagua njia nyingine. Yeye huondoka kaskazini mapema, akiwa na bawa la zamani, na hubadili manyoya yote akiwa Afrika, takribani kati ya Desemba na Machi, mkubwa kwa mdogo.

Kila njia ina gharama yake. Majaribio yaliyofanywa kwa kwezi wa Ulaya, Sturnus vulgaris, yameonyesha kwamba ndege wanaoharakishwa kubadili manyoya hupata manyoya duni kuliko wanaopewa muda. Mbwigu ana muda, lakini husafiri kuja kusini na bawa lililochakaa. Kuna hata shoro mdogo wa kijani-manjano, Phylloscopus trochilus, ambaye hubadili manyoya yote mara mbili kwa mwaka, mara moja Ulaya na mara moja Afrika. Namtaja kwa sababu kila ninapoulizwa "ndege wa Ulaya hubadili manyoya wapi?" huwa namfikiria yeye kwanza. Swali hilo halina jibu mpaka aina itajwe.

Mwendo wa kisa

Usiku wa kwanza ulikwenda kwenye ulimbo. Jirani alishauri mafuta ya taa na mtunzaji alikataa katakata, na hapo aliokoa ngozi za ndege hao, maana mafuta ya taa huunguza na ndege huyameza anapojisafisha. Alitumia mafuta ya kupikia, akiyasugua taratibu kwa pamba kuelekea ncha ya unyoya, kisha sabuni laini ya vyombo na maji ya vuguvugu, kisha maji matupu. Alirudia kesho yake. Baada ya kila kuosha ndege waliwekwa kwenye boksi lenye joto na giza hadi walipokauka.

Siku ya tatu alihesabu hasara. Mbwigu alikuwa amekatwa manyoya sita ya ncha ya bawa la kulia, lusinia saba. Bawa la kushoto la kila mmoja lilikuwa zima. Kwenye daftari mtunzaji aliandika mpango mmoja kwa wote wawili: watunzwe hadi wabadili manyoya, waachiliwe Aprili. Alikuwa amejifunza kwamba ndege wahamaji kutoka Ulaya hubadili manyoya wakiwa Afrika. Kwa wengi ni kweli.

Wiki ya mwisho ya Desemba aliokota unyoya wa kwanza wa mbwigu sakafuni, mzima, kutoka bawa la kushoto. Siku iliyofuata wa bawa la kulia nao ukaanguka, wa nafasi ile ile. Yalikuwa manyoya ya ndani, yale yaliyo katikati ya bawa, si yale yaliyokatwa. Mtunzaji alifurahi, kisha akaingiwa na wasiwasi wiki zilivyopita na visiki vya nje vikabaki kama vilivyo. Ndivyo ilivyo kwa karibu ndege wote wa jamii hii. Kubadili huanza unyoya wa ndani kabisa wa ncha ya bawa na kusogea nje mmoja mmoja, kushoto na kulia sawia. Aliyekatwa manyoya ya nje atayapata mwisho. Mbwigu aliendelea kuanguka upande wa kulia mpaka Machi, ingawa bawa lake lilikuwa likifanya kazi yake kwa utaratibu kamili.

Lusinia hakuangusha hata unyoya mmoja. Alikula vizuri: mchwa, mabuu, kiini cha yai, vipande vya papai. Uzito wake ulikuwa mzuri. Lakini kila asubuhi sakafu ilikuwa tupu, na kila asubuhi jirani yake katika banda la pili alikuwa ameangusha kitu. Mwanzoni mwa Januari mtunzaji alianza kumtibu. Aliongeza vitamini, akaongeza mayai, akaleta taa ya joto na kuiacha hadi saa nne usiku. Daktari wa mifugo alipima kinyesi kutafuta minyoo, hakuona kitu.

"Daktari, huyu anakula kuliko mwenzake, mbona haoti manyoya?"

"Dada, mimi namwona mzima. Tumwite mtu wa pete amtazame bawa."

Niliitwa katikati ya Januari. Mbwigu nilimwangalia kwanza: nyuma ya manyoya mapya mawili yaliyokamilika kulikuwa na jingine lililofika nusu, na nje yake mrija wa buluu wenye damu, umetoka kidogo tu kama ncha ya kiberiti. Kushoto na kulia, ramani ile ile. Kisha lusinia. Nilifungua bawa lake mbele ya dirisha. Juu ya vifuniko vya bawa palikuwa na nukta ndogo zilizopauka, moja kwenye ncha ya kila unyoya wa nje wa safu ile. Nukta hizo ndizo alama ya ndege mchanga wa mwaka huo ambaye bado anavaa sehemu ya mavazi ya kiotani. Ncha za bawa la kushoto zilikuwa zimelika kidogo kwa safari. Hakuna mrija, hakuna uvimbe, hakuna unyoya uliolegea. Ndege mwenye afya, ambaye hakuwa na miadi yoyote na manyoya mapya hadi katikati ya mwaka.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kumtibu lusinia kama mgonjwa, na kuzima taa. Pwani yetu, karibu na ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa nzima, kwa hiyo ndege hawa hawapati dalili kubwa kutoka kwenye jua. Wanategemea saa ya ndani. Eberhard Gwinner, mwanasayansi wa Ujerumani, aliwaweka ndege wahamaji kwenye mwanga na giza usiobadilika, na bado walibadili manyoya na kupata wahaka wa safari, yaani kuhangaika usiku kama wanaotaka kuondoka, kwa zamu, mzunguko kwa mzunguko, kwa kipindi ambacho mara nyingi kilikuwa kifupi kidogo kuliko mwaka. Baadaye alionyesha jambo hilo hilo kwa ndege wa jenasi ya Saxicola waliotoka Kenya. Saa hiyo ipo. Lakini huwekwa sawa na mwanga, na taa inayowaka hadi usiku mnene ni njia rahisi ya kuivuruga. Tuliamua giza liingie saa kumi na mbili na nusu, kama nje.

Uamuzi wa pili ulihusu mbwigu, nao ulikuwa rahisi: aachwe amalize. Kazi ilikuwa kulinda mirija. Unyoya unaoota una damu ndani, ni laini, na kwa kawaida hukingwa na wale walioko pembeni. Upande wa kulia wa mbwigu majirani hao walikuwa visiki. Mtunzaji aliondoa waya, akafunika kuta za banda kwa chandarua laini, akashusha vijiti vya kukalia karibu na sakafu, na kutandika majani makavu. Aliongeza tawi la mgunga lenye miiba, maana mbwigu huchoma panzi kwenye mwiba kisha akamrarua, na ndege anayekula kwa njia yake ya asili hula zaidi na kuhangaika kidogo. Panzi walinyunyiziwa unga wa ganda la yai kwa ajili ya kalsiamu, ambayo wadudu wanayo kidogo.

Uamuzi wa tatu, wa lusinia, ulituchukua jioni nzima. Njia zilikuwa tatu.

Kusubiri hadi abadili mwenyewe kulimaanisha miezi mingine saba au minane ndani ya banda na msimu mzima wa kuzaa kupotea. Ilikuwa njia salama kwa mwili wake na nzito kwa maisha yake.

Njia ya pili ilikuwa kupandikiza: kuchukua manyoya ya ndege aliyekufa wa aina ile ile, nafasi ile ile ya bawa, na kuyaunganisha kwenye visiki kwa kijiti chembamba kinachoingia ndani ya uti. Wafugaji wa vipanga katika nchi za Ghuba wanaijua kazi hii tangu zamani na huifanya kwa ustadi mkubwa. Lakini uti wa kipanga ni mnene na uti wa lusinia ni mwembamba mno, na hatukuwa na manyoya ya kufaa. Kuyapata kungehitaji kusubiri ndege waliojigonga madirishani, na msimu wa kupita ulikuwa umekwisha.

Ya tatu ilikuwa kung'oa visiki. Kila kifuko kilichong'olewa kingeotesha unyoya ndani ya wiki tatu hadi nne. Tukianza Februari na kwenda kwa awamu, hesabu ilionyesha bawa kamili karibu na wiki ya kwanza ya Aprili. Hatari zilikuwa maumivu, damu, na kifuko kuharibika kabisa.

Daktari alikubali kung'oa visiki viwili tu kama jaribio, chini ya dawa ya usingizi, na kuendelea iwapo vyote viwili vingeota vizuri. Mtunzaji alitaka vinne ili kuokoa muda. Nilikuwa upande wa daktari, na bado niko.

Matokeo

Kisiki cha kwanza kilitoka safi. Cha pili kilikatika ndani ya ngozi, ikabidi kitolewe kwa koleo, na damu ilitoka zaidi ya tulivyotarajia. Mwishoni mwa Februari kifuko cha kwanza kilikuwa na unyoya mzuri. Cha pili kilitoa mrija uliopinda, na unyoya ulipofunguka uti wake ulikuwa umejikunja kama uzi uliolowa. Daktari alisimamisha kazi. Hakuna awamu nyingine iliyofanyika, na tarehe ya Aprili ilifutwa kwa lusinia.

Mbwigu, kwa upande wake, alikuwa akibadilika mbele ya macho ya watu. Magamba ya mgongoni yalipotea Januari. Februari kichwa kilianza kuwa cha kijivu safi, na ukanda mweusi ukakaza kutoka mdomoni hadi nyuma ya jicho. Kufikia katikati ya Machi mgongo ulikuwa wa hudhurungi iliyokolea, na hapakuwa tena na shaka kwamba ni dume. Visiki vya mwisho vilianguka wiki hizo hizo. Mwanzoni mwa Aprili nilipuliza manyoya ya kifuani mwake na kuona mafuta ya manjano yamejaza kishimo cha chini ya koo, kama ilivyo kwa ndege anayejiandaa kuondoka. Usiku alikuwa akipigapiga mabawa gizani. Aliruka banda zima mara nyingi mfululizo bila kufungua mdomo kwa kuhema. Alifungwa pete, akaachiliwa asubuhi ya katikati ya Aprili katika pori la migunga mbali na mji, siku ambayo mvua ilikuwa imekatika, ili apate mchana mzima wa kula kabla ya usiku wa kwanza.

Dosari ilikuwepo. Manyoya kadhaa ya mkia na mawili ya bawa yalikuwa na mstari mwembamba uliopauka, umekatiza unyoya. Tulipima umbali wake kutoka ncha na kulinganisha na daftari, tukafika kwenye siku za Februari ambapo banda lilihamishwa kwa sababu ya ujenzi wa jirani na wageni wakawa wanaingia na kutoka. Unyoya mmoja wa mkia ulikatika hapo hapo kwenye mstari kabla ya kuachiliwa.

Lusinia naye alipata wahaka wa safari, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei. Hizo zilikuwa wiki ngumu kuliko zote kwa mtunzaji, kumsikia usiku akijirusha kwenye chandarua kuelekea safari asiyoiweza. Kuta laini zilimwokoa. Bila hizo angevunja hata manyoya mazima ya bawa la kushoto. Wahaka ukaisha wenyewe. Akaimba kidogo mwezi Mei, alfajiri.

Kisha, wiki ya mwisho ya Juni, kipupwe kimeingia na upepo wa kusi unavuma, sakafu yake ikajaa manyoya. Ndege wa porini wa aina yake walikuwa Ulaya mashariki na Skandinavia, wengi bado wakilisha makinda. Yeye alikuwa pwani ya Kenya, kwenye mchana wa saa kumi na mbili, na saa yake ya ndani ilikuwa imegonga, mapema kidogo. Alibadili kwa kasi. Kulikuwa na siku alizokuwa na mapengo mengi kiasi cha kutoweza kuruka kabisa, akitembea tu chini ya majani. Mwishoni mwa Agosti bawa lilikuwa kamili, zile nukta zilizopauka zimetoweka, ila unyoya mmoja kulia, ule wa kifuko kilichojeruhiwa, ulitoka tena umepinda.

Daktari alitaka aachiliwe Septemba, akisema kila wiki ndani ya banda inachakaza manyoya mapya. Mtunzaji alitaka Novemba, mvua za vuli zianze, vichaka vijae wadudu, na wenzake wawe wanapita. Uliamuliwa mwezi Novemba, kwa sharti kwamba banda liongezwe urefu na vichaka viwekwe ndani ili afanye mazoezi bila kujisugua. Aliachiliwa nusu ya pili ya mwezi huo, akiwa na pete, kwenye kichaka cha aina aipendayo, mnene hadi chini. Unyoya uliopinda haukumzuia kuruka. Hakuna taarifa yoyote ya pete hizo mbili iliyokwisha kurudi, jambo la kawaida kabisa kwa ndege wadogo.

Uchambuzi

Kosa kubwa la kisa hiki lilikuwa kusoma utulivu wa lusinia kama ugonjwa. Mbwigu alikuwa kando yake akiangusha manyoya kila wiki, na macho ya mtu hulinganisha bila kuambiwa. Kutobadili manyoya kati ya Desemba na Machi ni jambo la kutia wasiwasi kwa mbwigu. Kwa lusinia ni afya. Taa, vitamini na uchunguzi wa minyoo vilitumia wiki ambazo zingetumika kufikiri juu ya visiki, na kama ung'oaji ungefaa, kila wiki ya Januari ilikuwa na thamani kubwa. Swali la kwanza ndege anapoletwa akiwa amekatwa bawa liwe: ni aina gani, ana umri gani, na aina hiyo hubadili manyoya ya kurukia wapi na mwezi gani? Umri una uzito sawa na aina. Kuna aina ambazo mkubwa na mchanga hawafuati ratiba moja, na nukta chache zilizopauka juu ya bawa zinaweza kubadilisha mpango mzima.

Mpango wa pamoja wa Aprili ulitokana na kuangalia safari peke yake. Safari na manyoya vimefungamana, lakini si kwa fundo moja kwa kila aina. Mbwigu huweka kubadili kati ya safari mbili. Lusinia huweka kabla ya safari ya kuja. Anayejua tarehe ya kuondoka tu bado hajui kitu kuhusu bawa.

Kilichofanikiwa zaidi ni nyumba. Chandarua badala ya waya, vijiti vya chini, majani sakafuni, giza la kweli. Mbwigu hakupoteza mrija hata mmoja upande wa visiki, na kwa ndege anayeotesha manyoya bila kinga ya majirani hilo si jambo dogo. Ile mistari ya udhaifu inaonyesha upande wa pili: mwili ulioshtuka siku ile uliandika mshtuko huo ndani ya kila unyoya uliokuwa ukiota. Tangu hapo kituo hakihamishi banda la ndege anayebadili manyoya, na kumshika ili kupima kumepunguzwa hadi mara moja kwa wiki mbili.

Kuhusu kung'oa, watu watatu waliohusika bado hawakubaliani. Kisiki kimoja kilifaulu na kimoja kimeacha kasoro ya kudumu, maana kifuko kilichopindika hutoa unyoya uliopindika kila mwaka. Mtunzaji anasema kwamba kama visiki saba vyote vingeng'olewa Desemba, wakati bado vimekaa imara na kabla ya kuosha mara nyingi, lusinia angeweza kwenda Aprili na kuzaa. Daktari anasema kwamba kwa matokeo yale, ndege angeweza kubaki na vifuko vitatu au vinne vilivyoharibika na asiweze kuhama tena maishani. Mimi naona msimu mmoja wa kuzaa uliopotea, kwa ndege ambaye bado hajafikisha miaka miwili, ni hasara ndogo kuliko bawa lililoharibika milele. Hata hivyo, ndege mwenye kisiki kimoja au viwili tu angekuwa na hesabu nyingine, na ningemwomba daktari avitoe wiki ile ile ya kwanza.

Wale watoto waliletwa kituoni Machi, wazazi wakikubali, wakati kichwa cha mbwigu kilikuwa nusu kahawia nusu kijivu. Yule kijana wa mkasi ndiye aliyekuwa akileta panzi tangu siku hiyo hadi Aprili, na Juni aliitwa tena kuokota manyoya ya lusinia, kuyapanga kwa nafasi zake kwenye karatasi, kushoto na kulia. Karatasi hizo sasa ndizo zinazotumika kituoni kufundishia wapya namna ya kusoma bawa.